Hadithi za kuandika kwa kupokezana mtandaoni (RP): mgeni anaanzia wapi?

Mwanagenzi_Moro

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Niko chuo mwaka wa pili, Morogoro. Napenda kuandika hadithi tangu sekondari, ila nyingi zinaishia njiani kwa sababu niko peke yangu na sina wa kunisukuma. Majuzi rafiki yangu wa hosteli alinionyesha jukwaa moja la Kiingereza ambako watu wanafanya RP ya kuandika. Kila mtu ana mhusika wake. Mmoja anaandika kipande, mwingine anajibu kwa kipande, na hadithi inakwenda hivyo hivyo miezi na miezi. Kuna uzi wa mabaharia wawili wanaogombania dira moja. Nimeusoma wote bila kulala, na sikuweza kujua kalamu ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi.

Nataka kujiunga lakini kanuni zao zinanitisha. IC na OOC zimeandikwa kila kona. Juu ya ukurasa kuna "3/3/3" bila maelezo. Fomu ya mhusika ina maswali magumu, mfano mhusika wako huwa anadanganya kuhusu nini. Na kosa linalotajwa kuliko yote ni godimodi. Wameandika kwamba ukirudia unaondolewa. Sijaelewa ni kosa gani hasa, na sitaki kuingia nikaharibu hadithi za watu.

Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali. Maelezo yakiwa marefu nitasoma yote.

Bint_Pangani

Marahaba mdogo wangu, karibu sana. Mimi niko kwenye hizi hadithi tangu enzi za kulipia saa kwenye vibanda vya intaneti pale Tanga mjini. Mpaka leo nikitoka kazini (nafanya uwakala wa forodha) kitu cha kwanza kuangalia ni kama nimejibiwa. Kwa hiyo umeuliza jambo ninalolipenda na nitaandika kirefu kweli.

Nianze na godimodi, kwa sababu ukiielewa hiyo, kanuni nyingi zilizobaki utazielewa mwenyewe. Mhusika wa mwenzako ana mwili, ana maneno, ana mawazo, ana uamuzi. Vyote hivyo ni vya mwenzako. Wewe huviandiki; ukiviandika, hiyo ndiyo godimodi. Hata kwa nia njema, hata kama unajua fika kwamba angefanya hivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Hadithi iko Unguja mwaka 1884. Mimi namwandika Salama, binti wa nahodha. Wewe unamwandika Farhani, karani wa forodha. Naanza mimi:

*Salama akaingia forodhani kwa hasira, akamsukuma Farhani, akaanguka juu ya magunia ya karafuu, akaingiwa na hofu, akamkabidhi daftari.*

Kwa hadithi ya mtu mmoja, sentensi hiyo haina ubaya. Kwenye RP imekuua. Unafungua simu yako jioni ukiwa na hamu ya kuandika, unakuta mtu wako ameshaanguka, ameshaogopa na ameshatoa daftari. Umebakiziwa nini? Kumsimamisha na kumpangusa vumbi.

Na angalia kosa lilivyopenya. Limepitia kwenye -ka-. Kiswahili kinasimulia kwa -ka-, tendo linavuta tendo, na mtendaji anabadilika katikati bila msomaji kushtuka. Akamsukuma: huyo ni Salama. Akaanguka: huyo tayari ni Farhani, na hakuna aliyeona tulipovuka. Wanaojifunza RP kwa Kiingereza hawaambiwi hili kwa sababu lugha yao inawalazimisha kutaja mtu kila mara. Sisi lazima tujichunge. Ukimaliza kuandika, rudi kwenye kila -ka- ujiulize nani anatenda. Kama si mhusika wako, futa.

Sasa niiandike upya:

*Salama aliingia forodhani bila kubisha hodi. Ushungi ulikuwa umemteleza mpaka mabegani na hakuuinua. "Jahazi la baba limezuiwa leo siku ya tatu," alisema, "na karafuu zinapata unyevu." Alinyoosha mkono kuelekea daftari lililokuwa juu ya meza. Vidole vilisimama kabla ya kugusa jalada.*

Farhani sijamgusa. Lakini nimempa vitu vya kushika: kuna lawama ya kujibiwa, kuna daftari, kuna mkono uliosimama hewani. Unaweza kulifunika daftari. Unaweza kumsogezea. Unaweza kuita askari wa forodhani. Unaweza kujifanya hukumwona na kuendelea kuhesabu. Kila njia inatoa hadithi tofauti, na mimi sijui utachagua ipi. Hapo kwenye kutojua ndipo raha yote ya RP ilipo, na ndiyo maana watu wanaipenda kuliko kuandika peke yao.

Waliokulia kwenye kurasa za mashairi za magazeti watanielewa haraka. Malenga mmoja anatoa hoja kwa lakabu yake, baada ya wiki mbili mwingine kutoka mkoa wa mbali anamjibu kwa vina vile vile. Wanaweza kupigana vijembe mwaka mzima. Hakuna hata siku moja malenga aliyeandika ubeti wa mpinzani wake.

Kwenye mapigano kanuni ni hiyo hiyo. Unaandika jaribio, huandiki matokeo. "Alirusha ngumi kulenga taya" ni sawa. Kama imempata au imempita, anaamua mwenye taya. Ila kuna upande wa pili ambao kanuni nyingi zinautaja kwa mstari mmoja tu, nao unaudhi zaidi: mchezaji ambaye mhusika wake hapigwi kamwe. Kila ngumi anaikwepa, kila siri anaijua, kila hoja anashinda. Huyo hajaandika mwili wa mtu mwingine lakini anakunyima sehemu yako vile vile. Kubali kuumia. Mhusika anayeshindwa vizuri ndiye watu wanaomtafuta kuandika naye.

IC na OOC: IC ni chochote kilicho ndani ya hadithi, maneno na matendo ya Farhani. OOC ni wewe mwenyewe, mwanafunzi wa Morogoro mwenye mtihani Jumatatu. Kwenye uzi wa hadithi, maneno ya OOC huwekwa ndani ya mabano mawili mawili, ((hivi)), au yanapelekwa kwenye sehemu yake ya mazungumzo. Mpaka huu ulinde kwa nguvu zako zote. Salama anaweza kumwita Farhani mwizi na mla rushwa kwa kurasa nne, halafu mimi nikakuandikia OOC kwamba posti yako imenitoa machozi. Ikiwa kuna jambo limekukwaza kweli, lisemee OOC, kwa upole, faraghani. Ukilisemea kupitia mdomo wa mhusika, umemchafulia mwenzako hadithi na hajui kwa nini.

Kutoka hapo linatokea kosa la pili kwa kutajwa, metagemu. Wewe kama msomaji umeona kwenye uzi mwingine kwamba Farhani ameficha barua nyuma ya mizani. Salama hakuwepo. Basi Salama hajui, na asiingie forodhani akaenda moja kwa moja kwenye mizani. Kama unataka aijue barua, mpangie njia: mpagazi aliona, mtoto kasimulia. Tena muulize kwanza mwenye barua.

Kuhusu "3/3/3": hicho ni kipimo cha ukali wa yaliyomo ambacho majukwaa mengi ya RP yanatumia. Namba ya kwanza ni lugha, ya pili ni mambo ya kimapenzi, ya tatu ni ukatili, kila moja kuanzia 0 mpaka 3. Tatu zote tatu maana yake hakuna kilichozuiwa na wanaoruhusiwa ni watu wazima. Usiipite namba hiyo ukadhani ni pambo. Ukiona 3 katikati na wewe hutaki kukutana na mambo hayo, tafuta jukwaa jingine, yapo mengi yenye 2/1/2.

Fomu nitairudia, sasa hivi mteja ananipigia.

Kalamu_ya_Kisauni

Bint Pangani amesema yote kuhusu -ka-, sina la kuongeza hapo. Mimi niko Mombasa, nimeandika zaidi kwenye Discord (programu ya kuchati kwa vikundi), acha nimweleze ndugu yetu tofauti za mahali.

Mchezo wenyewe una wazazi wawili. Mmoja ni mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, uliotolewa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Huko kuna msimulizi mkuu anayeshika ulimwengu mzima, na dado ndizo zinazoamua kama upanga umempata mtu. Mzazi wa pili ni MUD, ulimwengu wa maandishi matupu kwenye kompyuta, ulioanzishwa 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha Richard Bartle akauendeleza. Nakutajia hawa kwa sababu mpaka leo vikundi vimegawanyika kwa kufuata damu hiyo. Kuna vinavyotumia dado na msimulizi mkuu, na kuna vinavyokwenda kwa makubaliano tu kama alivyoeleza dada. Kabla ya kujiunga angalia ni kipi, kwa sababu kwenye kikundi cha dado huruhusiwi kusema "nimekwepa" kabla hujarusha.

Baadaye watu waliandika kwenye LiveJournal, iliyoanza 1999, na kwenye majukwaa ya bure ya ProBoards na Jcink. Tangu 2015 ilipokuja Discord, wengi wakahamia huko. Kila mahali pana mwendo wake. Kwenye jukwaa la nyuzi, posti moja inaweza kuwa aya nne au sita, na jibu linakuja baada ya siku tatu au wiki. Kila mahali pa hadithi pana sehemu yake: forodha huku, soko kule, msikiti pale. Discord ni ya mstari mmoja au miwili, haraka haraka, na ukilala usiku mmoja unaamka unakuta mji umeshaungua. Huko kuna roboti inayoitwa Tupperbox: unaandika kawaida na ujumbe unatokea kwa jina na picha ya mhusika wako. Inasaidia sana kama unaandika wahusika wawili.

Kwa mgeni napendekeza nyuzi. Unapata muda wa kufikiri, na bando haliishi kwa sababu ni maandishi. Andika kwenye programu ya kumbukumbu ya simu kwanza, halafu nakili ubandike. Umeme ukikatika au mtandao ukizima, kazi yako iko salama.

Halafu kuna saa. Wenzako wengi watakuwa Marekani. Kwetu ikiwa saa tatu usiku, New York ni saa nane mchana, na msimu wao wa baridi ni saa saba. California saa hiyo hiyo bado ni asubuhi. Kwa hiyo wataandika ukiwa umelala. Weka kwenye wasifu wako unapatikana lini, watu hawatakusubiri kwa wasiwasi.

Mwanagenzi_Moro

Ahsanteni sana, dada na kaka. Nimesoma mara mbili, na zile hadithi zangu za zamani nimezipitia kutafuta -ka-. Nimeona.

Naomba niulize tena. Kiingereza changu ni cha darasani, nitaweza? Mtu akipotea katikati ya hadithi inakuwaje? Na dada, ile fomu usiisahau.

Bint_Pangani

Sijaisahau.

Fomu ni ndefu kwa sababu wasimamizi wanatafuta majibu ya mambo mawili: huyu mtu wako anaweza kuishi kwenye ulimwengu wetu, na wengine watapata pa kumshikia? Maswali ya rangi ya macho na urefu yajibu upesi. Tulia kwenye maswali ya anataka nini, anaogopa nini, anadanganya kuhusu nini. Hayo ndiyo yatakayokupa wa kuandika naye. Farhani ambaye ni mwema, hodari na anapendwa na wote hana shughuli. Farhani anayepokea rushwa kwa sababu ana deni la mahari, na anaomba Mungu bosi wake asihesabu upya magunia, huyo kila mtu mjini ana sababu ya kugonga mlango wake.

Kuhusu kuishi kwenye ulimwengu, soma maelezo ya mahali na nyakati kabla ya kubuni chochote. Turudi Unguja. Ukisema hadithi ni ya 1875, Sultani ni Barghash bin Said, aliyetawala 1870 mpaka 1888. Ukisimamisha wahusika wako chini ya Beit al-Ajaib mwaka huo, umekosea, lilijengwa 1883. Ukimleta tajiri wa mikarafuu wa Unguja mwaka 1873, utaulizwa mikarafuu yake ilisalimikaje, kwa sababu kimbunga cha 1872 kiliangusha mashamba mengi ya Unguja. Mhamishie Pemba, ambako kimbunga hakikupiga hivyo, na ghafla una mtu ambaye karafuu zake zimepanda bei wakati jirani zake ng'ambo wanalia. Umeona? Ukweli wa mahali umekutengenezea mhusika. Mwaka huo huo wa 1873 soko la watumwa la mjini lilifungwa kwa mkataba, na hilo lingekuwa kinywani mwa kila mtu. Hela pia: waandikie reale na rupia.

Sijasema haya ili usome historia yote kwanza. Nasema kwa sababu wageni wengi hudhani ulimwengu wa hadithi ni kizuizi cha akili zao. Ulimwengu ukiwa na mambo yake magumu, wewe na mwenzako mnakuwa na kitu kimoja cha kusimamia wote wawili.

Jukwaa likiwa la mastaa na filamu, utaona sehemu ya sura: mhusika wako anaazima sura ya mwigizaji fulani anayejulikana. Kuna orodha ya sura zilizochukuliwa. Iangalie kabla ya kutuma fomu, utaepuka kurudishwa. Usitumie picha ya mtu wa kawaida uliyemkuta mtandaoni, wala ya jirani yako. Huyo hajakubali.

Mtu akipotea: hutokea, tena mara nyingi, na huumiza. Ana mtihani, ana mtoto mgonjwa, au hamu imeisha na anaona aibu kusema. Subiri wiki mbili, kisha muulize mara moja OOC, bila lawama: "Bado tunaendelea na uzi wa forodhani, au tuufunge?" Watu wengi hujibu swali la namna hiyo kwa shukrani. Asipojibu, andika posti fupi inayomtoa mhusika wako mahali hapo kwa heshima. Usimuue wa kwake. Majukwaa mengi huita majina mara kwa mara kuona nani yupo, na asiyeitika mhusika wake huwekwa pembeni. Wewe ukijua utakuwa mbali, sema mapema. Hiyo ndiyo adabu inayokumbukwa kuliko uandishi mzuri.

Kiingereza cha darasani kinatosha kuanza. Andika nafsi ya tatu, wakati uliopita, kama wengi wao wanavyoandika, na sentensi fupi. Hakuna msimamizi wa maana atakayekukataa kwa kosa la sarufi ukiwa umeacha nafasi kwa mwenzako. Watakukataa ukiwa na Kiingereza kizuri mno na mhusika asiyeshindwa.

Lakini mdogo wangu, kwa moyo wangu wote, usiandike kwa Kiingereza tu. Tafuta wenzako wawili watatu, fungueni kikundi cha Telegram, au hapa hapa, muandike kwa Kiswahili. Kuna mambo lugha yetu inayafanya bila kuomba. Salama akiingia forodhani akasema "Sabalkheri, bwana Farhani," tayari ni mtu mmoja. Akiingia bila salamu, kwa mji ule na mwaka ule, amemtukana kabla hajafungua mdomo, na mwandishi wa Farhani amepata cha kujibu. Mtu wa Pemba, wa Lamu, wa Bagamoyo, kila mmoja msomaji anamjua kwa neno la kwanza. Vitu hivi vikiandikwa na watu wawili wanaovijua, hadithi inapata uzito ambao mimi sijaupata kwenye jukwaa lolote la Kiingereza, na nimeandika na watu wazuri huko.

La mwisho ni la usalama na silifanyii mzaha. Jina lako halisi, chuo, namba ya simu, picha yako, usitoe. Umeshataja mkoa, inatosha. Majukwaa mengi yanakataa walio chini ya miaka 13, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda taarifa za watoto mtandaoni, na mengine yanataka 18. Wewe umeshavuka, lakini anayeandika nawe huenda hajavuka. Mambo ya kimapenzi usiyaandike na mtu ambaye umri wake hujui, na akiwa chini ya 18 usiyaandike kabisa, hata kama wahusika ni watu wazima. Kwa watu wazima pia, mnaweza kukubaliana kufunga pazia: mlango umefungwa, posti inayofuata ni alfajiri. Na wahusika wakipendana, wanaopendana ni wahusika. Mtu akianza kukuandikia faraghani kana kwamba wewe ndiye Farhani, mwambie wazi mara moja. Akirudia, mpelekee msimamizi ujumbe huo na uache kumjibu.

Mtoro_wa_Ujiji

Nilikuwa msimamizi wa jukwaa dogo la hadithi za kubuni, nakazia jambo moja. Ukishakubaliwa, usifungue nyuzi tano siku ya kwanza. Kila mgeni anafanya hivyo kwa furaha, na baada ya wiki anadaiwa majibu na watu watano, halafu anatoroka. Anza na uzi mmoja, na mtu mwenye posti za hivi karibuni. Nenda kwenye sehemu ya kupanga hadithi, soma wenzako wanatafuta nini. Mara nyingi utakuta tangazo: "Natafuta ndugu wa mhusika wangu aliyepotea baharini." Chukua hilo. Unaingia ukiwa tayari una ndugu, deni na ugomvi, na kuna mtu anayekusubiri.

Mwanagenzi_Moro

Mungu awabariki. Dada Bint Pangani, usiku wa leo nimejaribu kumjibu Salama wako. Naomba unisahihishe bila kunionea huruma.

*Farhani hakuinua macho. Alimalizia namba aliyokuwa akiiandika, akapuliza wino, ndipo alipoweka kiganja chake juu ya jalada. Kiganja kilikuwa na doa jeusi ambalo lilikuwa halitoki hata kwa ndimu. "Siku ya tatu," alisema polepole. "Baba yako aliniambia magunia mia mbili. Mimi nimehesabu mia mbili na kumi na nne." Salama akanyamaza. Farhani akasogeza kiti cha pili kwa mguu. "Kaa, tuzungumze kabla mkubwa wangu hajarudi."*

Bint_Pangani

Nimesoma nikasimama nikatembea chumbani.

Magunia kumi na manne! Umechukua jahazi la baba yangu ukaligeuza kosa, na umenilazimisha kuamua kama Salama alijua. Doa la wino usilipoteze, litumie tena baadaye. Kiti cha pili ni kizuri mno, kwa sababu nikikaa nimekubali kujadiliana na nikisimama nimekataa, na wewe hukuniambia nifanye lipi.

Ondoa "Salama akanyamaza." Huyo ni wangu. Na kwa kweli hakunyamaza. Ulitaka kimya ili maneno ya Farhani yatue. Basi mpe Farhani kimya hicho: *Farhani aliacha namba hiyo ikae kati yao, kisha akasogeza kiti.* Hapo -ka- zote ni zako.

Mengine yote acha yalivyo. Najibu:

*"Kumi na manne ni ya mama," alisema Salama kabla kiti hakijatulia. Hakukaa. Alipitisha mkono chini ya ushungi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani kando ya kiganja cha karani, upande wenye muhuri ukiwa chini. "Baba hajui. Na kama mkubwa wako anarudi upesi, bora uisome sasa."*

((Muhuri ni wa nani sijaamua, amua wewe. Zamu yako, na usiharakishe, najua una mtihani. Mimi nitakuwepo Jumamosi baada ya Isha. Kalamu ya Kisauni, tunahitaji mkubwa wa forodha, unamtaka?))

Kalamu_ya_Kisauni

((Namtaka. Nipeni siku mbili niandike fomu yake. Ana mguu mmoja mbovu na anasikia kila kitu.))